Kaza Nati Gari Likiwa Chini



Leo nina habari ya kitu kidogo, kisichopita urefu wa kidole, ambacho kilinitia aibu mbele ya watu wengi na kunifundisha jambo nisilolipata chuoni. Mafundi hukiita bushi. Pengine umepanda motokaa tangu utoto wako na hujapata kuiona, maana imejificha chini ya gari katikati ya vyuma. Hata mimi nisingeijua kama isingeniita yenyewe kwa kugonga.

Marehemu baba alituachia Land Rover ya mwaka 1978. Magari ya aina hiyo yalianza kuundwa Uingereza mwaka 1948, na wazee wetu waliyajua vizuri, maana yalikwenda pasipokwenda gari lingine. Hili la baba lilibeba kahawa na ndizi, likabeba maharusi, likabeba na majeneza. Huku kwetu Kyerwa, tuliokuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe mpaka mwaka 2012, milima ni mingi, na mvua ikinyesha hulichimba lile udongo jekundu la barabarani likawa mifereji. Kwa hiyo gari lililoko kijijini si la mwenyewe peke yake. Mlango ukigongwa usiku huulizi kwanza ni nani; unatafuta ufunguo.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Julai, gari lile lilianza kugonga. Kila gurudumu likiingia shimoni nilisikia chuma kikilia chini ya miguu yangu. Usukani nao ukalegea. Nikigeuza kulia, gari lilikuwa kama linafikiri kwanza, ndipo likageuka. Nikaingia chini na mtaimbo, nikausukuma kati ya springi na chesisi. Pale pasipotakiwa kucheza palicheza. Mpira ulikuwa umepasukapasuka, na kutu nyekundu imejaa pembeni. Bushi zilikuwa zimekwisha.

Ngoja nikueleze kazi ya bushi. Land Rover ya zamani hukaa juu ya springi za mabapa, yaani vyuma virefu vilivyopinda, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hizo hushikwa kwenye chesisi kwa boliti nene. Kama chuma kingesuguana na chuma, vyote viwili vingelika upesi. Kwa hiyo katika jicho la springi hutiwa bushi. Nje yake ni bomba la chuma, ndani ni bomba jembamba la chuma, na katikati ni mpira ulioshikamana na yote mawili. Boliti hupita katika lile bomba jembamba. Springi ikipanda na kushuka, mpira hujinyonga kidogo kisha hurudi, wala hakuna chuma kinachosugua kingine. Kila springi ina bushi tatu. Springi ni nne. Jumla yake ni bushi 12.

Mababu zetu waliijua tabia ya chuma. Kule Bweranyange, Mfalme Rumanyika wa Karagwe alikuwa na nyundo na ng'ombe wa chuma miongoni mwa vitu vya heshima vya ufalme wake. Lakini hata jembe la mhunzi hodari hutiwa mpini wa mti, ili mkono usipokee pigo lote. Bushi ni kama mpini ule.

Basi, mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika zaka na sadaka, vyeti vya ubatizo na vya ndoa, na mkono uliozoea hesabu hupenda kubana senti. Nikasema, kwa nini nimlipe fundi wa mjini, na mimi nina spana za baba? Nikanunua bushi 12 katika duka moja la vipuri, nikafanya kazi uani kwetu pamoja na mdogo wangu kwa muda wa siku nne. Tuliliinua gari kwa jeki, tukaliweka juu ya magogo ya mti mgumu, tukatoa za zamani, tukaingiza mpya. Kisha, gari likingali juu ya magogo, magurudumu yamening'inia, nikakaza nati zote kwa nguvu zangu zote. Nilifanya hivyo kwa sababu huko juu palikuwa na nafasi nzuri ya kuzungushia spana. Tukalishusha. Halikugonga tena. Nikatembea kifua mbele.

Jirani yangu mmoja ana pikapu, Toyota Hilux ya zamani, ambayo siku za soko huwapeleka akina mama Nkwenda na mizigo yao. Akaja, akaniambia, "Mwalimu, nisaidie na mimi." Watu wengi huniita hivyo kwa sababu nilisomea ualimu. Nikamsaidia kwa namna ileile, nikamwonyesha kila hatua kama mwalimu mbele ya ubao, na boliti zake pia tukazikaza gari likiwa juu.

Mwezi wa Novemba, usiku wa mvua, mlango ukagongwa. Mkwe wa jirani mwingine alikuwa ameshikwa na uchungu. Tukampakia pamoja na mama mkwe wake, tukashika njia ya hospitali ya Isingiro. Kwenye mteremko mmoja nilikanyaga breki, na gari likavuta upande wa kushoto, palipo na korongo. Nilirudisha usukani, likayumba kulia. Nikarudisha tena, likayumba kushoto. Chini yangu chuma kilikuwa kikigonga kama zamani. Mama mkwe akaanza Salamu Maria kwa sauti, nami nikaitikia huku jasho likinitoka. Kuanzia pale tulikwenda mwendo wa mtu atembeaye. Mdogo wangu alishuka akatangulia kwa miguu, anamulika njia kwa taa ya simu. Tulifika. Mtoto alizaliwa alfajiri, mzima, na mama yake mzima. Lakini mimi nilikaa kwenye benchi la nje, na mikono haikuacha kutetemeka mpaka kulipokucha.

Kesho yake nilitazama chini. Mpira wa bushi mpya ulikuwa umechanika, na miezi mitano haijatimia. Hapo nikafanya kosa baya kuliko la kwanza. Jumapili ile, baada ya Misa, nimesimama mlangoni pa kanisa na watu wamenizunguka, nikasema ya kuwa yule mwenye duka ameniuzia mali bandia, na kwamba nusura aniulie watu watatu. Nikamtaja kwa jina. Maneno yale yalitembea mbio kuliko gari langu.

Siku ya tatu akaja kunitembelea mzee mmoja aliyekuwa dereva wa misheni kwa miaka mingi. Aliinama, akatazama, akauliza, "Waitu, Mwalimu, nati hizi ulizikaza gari likiwa wapi?"

Nikamjibu, "Juu ya magogo, mzee."

Hakucheka. Alitoa leso mfukoni, akanipa ncha moja niishike, yeye akashika ya pili. Akaniambia niinyonge kidogo, nikainyonga. Akaniambia niirudishe, nikairudisha. "Hivi ndivyo mpira ufanyavyo kazi," akasema. "Sasa inyonge mpaka mwisho, kisha uinyonge tena." Haikuwezekana, leso ilikuwa imekakamaa kama kamba. Akasema, "Gari likiwa juu, springi inaning'inia. Ukikaza pale, umeufunga mpira katika hali ya kuning'inia. Ukilishusha, springi inabeba mzigo na kubadili umbo, na mpira unanyongwa siku zote, hata gari likiwa limesimama. Halafu unalipeleka barabarani lipige mashimo. Utaachaje kuchanika? Mwanangu, bushi hukazwa gari likiwa chini, limebeba uzito wake lenyewe."

Msomaji mpenzi, wakati ule nilitamani ardhi inimeze. Mpira haukuwa bandia. Mkono uliokaza ndio uliokuwa na kosa, na mkono huo ulikuwa umefundisha mwingine.

Nilimwendea kwanza jirani mwenye pikapu, maana kwake palikuwa na hatari ya roho za watu. Nilimwambia, "Kaka, nilikufundisha vibaya. Usibebe mtu mpaka tufungue." Alinitazama kwa muda, kisha akaleta jeki. Mpira wake ulikuwa umeanza kupasuka pembeni. Bushi zake mpya nilizinunua mimi, na huo ulikuwa mwisho wa senti nilizobana.

Pili nilikwenda dukani. Nilimkuta mwenye duka peke yake, nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nimesikia. Nami nimekusamehe. Lakini yale ya kwanza uliyasema mbele ya watu, Mwalimu. Haya ya leo utayasema wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Usiku ule sikulala vizuri. Katika katekisimu nilijifunza, na watoto wa Kipaimara nimewafundisha mara nyingi, kwamba aliyemharibia mwenzake sifa anadaiwa kuirudisha, kama vile mwizi anavyodaiwa kurudisha kuku. Kulifundisha ni rahisi. Nilimwendea Padre Paroko, nikamweleza, naye akaniruhusu. Jumapili, baada ya komunyo, nikasimama kusoma matangazo kama ilivyo kazi yangu. Nikasoma ndoa zinazotangazwa, nikasoma zamu ya kufagia kanisa, kisha nikasoma la kwangu. Nilisema ya kuwa fulani hakuniuzia mali bandia. Kwamba mimi ndiye niliyekosa kwa kutojua, nikakosa tena kwa kumsingizia. Kanisa lilikuwa kimya. Nilirudi kitini miguu ikiwa mizito. Lakini juma lile wateja wake wawili walirudi kwake, nami nikanunua kwake bushi za gari langu kwa mara ya pili.

Sasa nitaandika jinsi tulivyofanya mara ile ya pili, mzee akiwa ameketi kwenye kiti akituangalia, ili aliye na gari la zamani nyumbani asipite njia yangu.

Kwanza, chagua mahali tambarare na pagumu. Tia mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Ukiisha kuinua kwa jeki, weka stendi imara au magogo mazito chini ya chesisi, wala usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Matofali hayafai; hupasuka ghafla.

Pili, jana yake tia mafuta mepesi kwenye boliti zenye kutu. Boliti ikikataa kabisa kutoka, imeshikana na bomba la ndani la bushi. Ikate kwa msumeno wa chuma pande zote mbili, na uwe na boliti mpya tayari.

Tatu, kutoa bushi ya zamani. Wengine huchoma mpira kwa moto, lakini moshi wake ni sumu, na watoto wako karibu. Sisi tulitoboa mpira na kuutoa, kisha tukapitisha msumeno ndani tukakata bomba la nje polepole, bila kujeruhi jicho la springi, tukalikunja kwa tindo likatoka.

Nne, safisha jicho mpaka ling'ae. Vuta bushi mpya kwa boliti ndefu, washa nene na kipande cha bomba, ukisukuma lile bomba la nje peke yake. Ukisukuma bomba la ndani au mpira, unaiharibu kabla haijafanya kazi. Wala usiupake mpira grisi wala oili, maana huuozesha.

Tano, rudisha boliti zote na nati zake, lakini zikaze kwa mkono tu, zishike bila kubana. Rudisha magurudumu, ondoa magogo, shusha gari. Litikise, lisogeze mbele na nyuma hatua chache ili springi ikae mahali pake. Hapo ndipo uingie chini na spana, ukiwa umelala kifudifudi au chali, vumbi likikuingia machoni, ukaze. Nafasi ni ndogo na kazi ni ya taabu, lakini ndipo mpira unapofungwa katika hali yake ya kupumzika. Baada ya safari chache, kagua nati tena.

Kama huna vyombo, au hukuelewa hata hatua moja, mpelekee fundi. Ujira wake ni mdogo kuliko korongo.

Leo ni mwaka wa tatu, na bushi zile bado ziko mahali pake. Mtoto aliyezaliwa usiku ule sasa anakimbia, na akiniona barabarani hunipungia mkono bila kujua kwa nini babu yake hucheka. Nami nikiwaandikisha vijana wanaotaka kufunga ndoa, nikiwaona wanatoa ahadi kubwa siku za raha, wakati hakuna mzigo wowote juu yao, huikumbuka ile leso ya mzee. Nawaambia wazungumze kwanza habari za njaa, ugonjwa na wakwe, ndipo wakaze.

Mungu awabariki ninyi nyote na jamaa zenu.

Karani wa Parokia,
Kyerwa, Jimbo la Kayanga