Mzee Anaposahau Tusimwite Mchawi



Ndugu zetu katika imani, wanafunzi wa madrasa hutuuliza: "Ustadh, babu ameswali Adhuhuri mara tatu, tukimwambia anakasirika. Je, ana shetani?" Swali hili ni zito. Wapo wazee walioitwa wakaidi, hata wachawi, na kosa lao ni kusahau tu.

Mwaka 1906 daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliuchunguza ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa amepoteza kumbukumbu. Kwa hadubini aliona mabonge yasiyo ya kawaida. Leo yanajulikana kuwa ni ya protini iitwayo amiloidi. Baadaye ikapatikana rangi, thioflavini, ambayo hushikana na amiloidi na kung'aa ikimulikwa. Lakini ilifaa kwa vipande vya ubongo chini ya hadubini, kwani mwanga wa kawaida haupenyi vizuri fuvu la mtu aliye hai.

Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walipoibadilisha rangi hiyo na kuitia mionzi kidogo, ambayo hutoka nje ya fuvu na kunaswa na mashine. Mgonjwa wa kwanza alipimwa Uppsala, Sweden, mwaka 2002. Wengine wametengeneza rangi zinazong'aa kwa mwanga usioonekana kwa macho, wakazijaribu kwa panya.

Vipimo hivi haviponyi, tena ni ghali. Hata hivyo vimetuonyesha kwamba maradhi haya yana alama ndani ya ubongo. Si ukaidi wala uchawi. Na si kila kusahau ni Alzheimer: upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo au baadhi ya dawa huweza kuleta hali hiyo, na hutibika. Kwa hiyo mzee apelekwe hospitali mapema.

Nyumbani tuzingatie mawili. Kwanza, aliyeondokewa na akili hahesabiwi kwa swala iliyompita, basi asigombezwe juu ya rakaa. Kijana asimame ubavuni mwake, waswali pamoja. Pili, Suratul Israa aya ya 23 inatukataza hata kuwagunia wazazi wakifikia uzee. Babu akiuliza jambo mara ya kumi, tumjibu kwa upole kama mara ya kwanza.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu na atupe subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.