Mti Hauendi Shule

Riwaya yangu naiandika kwa penseli. Jamaa mmoja wa Kaloleni hunicheka, eti kama mtoto wa chekechea. Mwache acheke.

Majuzi nilisoma habari za koala wa Australia, mnyama anayebeba mtoto mfukoni, ambaye mwaka 2022 alitangazwa kuwa hatarini kutoweka mashariki mwa nchi ile. Kando yake ulitajwa msonobari wa Wollemi, uliogunduliwa 1994. Iliyokomaa porini haifiki mia. Nikajiuliza: kipi kikiondoka kitaniuma zaidi? Sisi wa Mlima Meru hatuna mnyama wa mfuko. Tunaye mbega, na tunao mtarakwa.

Mbega nilimwona Ngurdoto, safari ya shule. Jamani! Mkia kama ufagio mpya, mabega yenye manyoya marefu meupe, kidole gumba ni kama hana. Kichanga chake huzaliwa cheupe pe. Darasa zima tulipiga kelele. Zamani ngozi yake ilivaliwa na wapiganaji, kisha Wazungu nao wakaitaka kwa mavazi ya fasheni. Lakini mbega ana bahati moja: ana macho. Akikutazama, unamhurumia.

Mtarakwa hauna macho. Kwetu Oldonyo Sambu, upande mkavu wa mlima, ndio nguzo za uzio, kwa sababu mchwa hauwezi. Enzi za mkoloni mbao zake zilisafirishwa Ulaya kutengenezwa penseli. Hukua taratibu mno, tena kuna mti dume na mti jike. Ukikata mmoja, huenda umemfanya mwingine mjane.

Babu alikuwa nayo miwili. Nikiwa kidato cha tatu, shule ya binafsi, ada ikapelea. Babu akaita mpasua mbao, na mimi ndiye niliyeshika upande wa pili wa msumeno. Ndani mti ulikuwa mwekundu, unanukia hadi barabarani. Machozi yakanitoka.

“Usilie, mjukuu wangu,” babu akasema. “Mti hauendi shule.”

Nikapata daraja la nne.

Babu alifariki mwaka jana. Baada ya matanga nilizunguka ule mti uliobaki, nikitafuta vile vitunda vya bluu vya mti jike. Sikuona hata kimoja. Niliporudi mjini nikanunua penseli nyingine, ya Uchina. Niliinusa palepale dukani, muuzaji ananishangaa. Hainukii kitu.