Nusu ya Bei ya Mninga Hulipwa na Nani?

Mwaka jana niliamua kutengeneza kwa mikono yangu meza ya kusomea na kabati la vitabu kwa ajili ya nyumba yetu ya Mbinga. Useremala nilifundishwa na marehemu baba, nami huufanya wakati wa likizo. Kuunda samani zenyewe kulihitaji wiki mbili tu. Kupata mbao kulichukua miezi miwili, na sababu ya kuchelewa huko ndiyo ninayotaka tuitafakari leo.

Nilitaka mninga. Mafundi wetu huuthamini kwa kuwa kiini chake hakishambuliwi kwa urahisi na mchwa, hukubali randa vizuri, na ukishakauka haunywei wala kutanuka sana majira yanapobadilika. Sifa hii ya mwisho ina uzito wa pekee kwetu. Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari na ina joto. Mbinga iko juu milimani, na baridi ya Juni na Julai tunaijua. Ubao usio imara ukitoka ziwani kuja milimani hupinda.

Lakini mninga haukui kwa haraka kama milingoti na misindano tunayoipanda pembezoni mwa mashamba ya kahawa. Humea katika misitu ya miombo. Mche wake hukauka sehemu ya juu wakati wa kiangazi na kuchipua tena mvua zinaporudi. Hurudia hivyo kwa miaka kadhaa huku mzizi ukijijenga ardhini, ndipo shina linaposimama. Hadi ufikie unene wa kupasuliwa mbao, aliyeuona ukiwa mche huwa ni mzee au amekwisha kufariki.

Muuzaji wa kwanza niliyemwendea alinivuta kando. “Mwalimu, zipo mbao safi, ila hazijagongwa nyundo. Zitakufikia usiku, kwa nusu ya bei.”

Kwa wasiofahamu, nyundo ni alama inayogongwa na maofisa misitu kuthibitisha kwamba mbao zimekaguliwa na ushuru umelipwa. Mbao huambatana pia na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Kwa hiyo, kwa sentensi mbili fupi, muuzaji yule alikuwa amenieleza uvunjaji wa sheria, tena kwa sauti ya mtu anayenifanyia hisani.

Nilimshukuru nikaondoka, lakini swali liliandamana nami njiani: hiyo nusu nyingine ya bei hulipwa na nani? Ubao haupungui gharama kwa sababu umepita gizani. Hulipa serikali, kwa ushuru uliokosekana. Hulipa kijiji kilicholinda mti ule dhidi ya moto kwa miongo mingi na kuachiwa kisiki. Hulipa mfanyabiashara mwaminifu, ambaye hawezi kushindana na bei ya wizi. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu uvunaji wa magogo kusini mwa Tanzania. Ilionesha kuwa mazao ya mbao ambayo China iliandika kuyapokea kutoka kwetu yalikuwa mara kumi ya yale tuliyoandika sisi kuyauza. Tofauti ya namna hiyo huanza na mnunuzi mmoja mmoja anayeona si kazi yake kuuliza.

Njia nyingine ipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kubaki na mapato ya uvunaji. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi viliisimamia misitu yao hadi mwaka 2009 ikapata cheti cha kimataifa cha FSC. Wanakijiji wale walikuwa na haki iliyoandikwa, nao wakaitumia.

Mbao zangu nilizipata hatimaye kwa muuzaji mwenye stakabadhi na hati, kwa bei kamili. Nilizipanga kivulini juu ya magogo, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya unene ulio sawa, vilivyonyooka kimoja juu ya kingine ili uzito usipindishe ubao. Ncha nilizipaka rangi ya mafuta, kwani ndiko maji hutoka haraka na nyufa huanzia. Kila wiki nilipima uzito wa ubao mmoja. Ulipoacha kupungua, nikajua umekauka. Sehemu nyeupe ya pembeni niliikata yote, maana wadudu huipenda. Kisha nikafunga pua kwa kitambaa, kwa kuwa vumbi la mninga huwasha, nikaanza kupiga randa.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Ninyi watumishi wa umma mnaoandaa zabuni za meza na viti vya ofisi, andikeni katika masharti kwamba mzabuni aoneshe hati ya asili ya mbao, kisha mzisome hati hizo. Nanyi wanafunzi mnaoandamana kwa ajili ya mazingira, mwulizeni fundi wa kitanda chenu swali moja tu kabla ya kulipa: mbao hizi zimegongwa nyundo?