Rehema ya Kukaa Mbali: Siku Moja katika Visiwa vya Svalbard

Visiwa vya Svalbard viko kaskazini kabisa mwa dunia, baina ya Norway na Ncha ya Kaskazini. Mkataba wa mwaka 1920 uliviweka chini ya mamlaka ya Norway, na mji wake mkuu, Longyearbyen, uko kwenye nyuzi 78 za latitudo. Zaidi ya nusu ya ardhi yake imefunikwa na barafu ya kudumu, wala hakuna mti hata mmoja wa kumtia mtu kivulini. Aendaye huko huenda kuwatazama viumbe wa Mwenyezi Mungu wanaoishi pale ambapo sisi watu wa joto tungedhani hapaishi kitu. Tulivizuru mwezi wa Julai, kwa meli ndogo ya abiria wasiofika mia moja. Twawasimulia wasomaji siku moja tu ya safari hiyo, kwani ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi wa pwani.

Siku yenyewe haina mwanzo unaoonekana. Tangu Aprili inapokaribia kwisha hadi Agosti imepita nusu, jua halitui. Kwa nchi kama hizo wanavyuoni wamebainisha njia: wako waliosema Waislamu wafuate nyakati za mji wa karibu ambako usiku na mchana hutengana, na wako waliosema wafuate nyakati za Makka. Tulishika za Makka. Saa ya Makka ni ile ile ya Mombasa, na saa ya meli ilikuwa nyuma kwa saa moja; kwa hiyo tulisali Alfajiri baada ya saa tisa za usiku, jua likiwaka dirishani. Nyumbani tunaposali huelekea kaskazini. Huko tulielekea kusini, na hapo ndipo tulipotambua umbali tuliokwenda.

Baada ya chai tulijiandaa kushuka Poolepynten, ncha ya mchanga na changarawe katika kisiwa cha Prins Karls Forland. Matayarisho yalichukua muda kuliko tulivyotazamia. Viatu vilioshwa kwa dawa, na nguo zikapigwa brashi hata kwenye mishono, isije mbegu ngeni ikaingia katika ardhi ile. Waongozaji walitangulia na bunduki zao, wakakagua ufuo mzima kwa darubini kuhakikisha hapana dubu mweupe. Bunduki hizo ni za kulinda roho, si za kuwindia, nao walituambia kwamba mwongozaji hodari ni yule anayestaafu bila kuwahi kuifyatua. Kisha tukapanda mashua za mpira, watu kumi kumi.

Ufuoni walikuwa wamelala walarasi. Kwa asiyemjua, ni mnyama wa baharini wa jamaa ya sili, mwenye masharubu magumu na meno mawili marefu yashukayo kama pembe za ndovu. Dume lililokomaa laweza kupita uzito wa tani moja, nalo huishi kwa kome na chaza anaowafukua chini ya bahari. Walilala wamebanana, huyu kamwekea mwenzake meno mgongoni, wakikoroma na kujikuna. Tulisogea kwa safu moja, kimya, kila mara tukisimama kuwaangalia wanavyotupokea. Mmoja alipoinua kichwa, mwongozaji alinyoosha mkono, nasi tukasita. Hatukusonga tena mpaka alipolala.

Adabu hiyo haikuanza jana, lakini pia haikuwako tangu zamani. Wavuvi wa nyangumi kutoka Ulaya walifika visiwani humo mwanzoni mwa karne ya 17, na kwa zaidi ya miaka mia tatu walarasi waliuliwa kwa ajili ya mafuta, ngozi na meno yao. Kufikia mwaka 1952, uwindaji ulipopigwa marufuku, walikuwa wamebaki wachache mno. Leo wanahesabiwa kwa maelfu. Hakuna aliyewaleta wala kuwafuga. Mkono uliokuwa ukiwaua ulizuiliwa, nao wakarudi wenyewe.

Adhuhuri ilitukuta merini, na mpishi alitupatia samaki, hivyo chakula hakikututia shaka. Alasiri tuliingia mkono wa bahari uitwao Krossfjorden, tukafika mbele ya majabali yenye ndege wasiohesabika. Kila upenyo wa mwamba ulikuwa na kiota. Walikuwamo ndege wenye midomo ya rangi nyingi mfano wa kasuku, na shakwe waliopiga kelele kama watoto wa chuoni wakati wa kutoka. Chini yao mbweha alitembea akitafuta kifaranga kilichoanguka, na kulungu wafupi wa nchi za baridi walikula majani yaliyorutubishwa na kinyesi cha ndege hao. Tuliona riziki inavyoshuka kutoka baharini kwenda mwambani, na kutoka mwambani hadi ardhini, bila hata tone kupotea.

Tulipokwisha kula chakula cha jioni, nahodha alitangaza kwa sauti ya chini kwamba dubu ameonekana. Injini zikapunguzwa, nasi tukatoka sitahani na makoti yetu. Kwa macho matupu alikuwa doa la rangi ya samli juu ya mawe ya kijivu. Kwa darubini alikuwa jike anayetembea pole pole ukingoni mwa maji. Abiria kadhaa walitamani meli isogee zaidi. Nahodha alikataa. Tangu mwaka 2025 sheria inataka umbali usiopungua mita 300, na mita 500 kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Dubu aliposimama na kutugeukia, meli ilirudi nyuma, ingawa umbali ulikuwa bado halali.

Tulilikumbuka jambo ambalo kila aliyehiji amefunzwa: katika Haramu ya Makka windo haliuliwi, wala halishtuliwi likakimbia. Kumwacha mnyama na utulivu wake ni haki aliyopewa na sheria yetu karne nyingi kabla ya hizo mita kuandikwa. Hata hivyo umbali hautoshi peke yake. Barafu ya bahari ambayo dubu huitegemea kuwinda sili inapungua kwa sababu ya joto la dunia, na meli zinazotupeleka kumtazama nazo huchoma mafuta.

Na hapa ndipo tunapojiangalia wenyewe. Bahari yetu ina nguva, mnyama mpole alaye nyasi za bahari. Katika pwani ya Kenya amebaki nadra sana, na anayebahatika kumwona leo humwona pande za Lamu. Nguva alikuwa na jamaa yake mkubwa katika bahari baridi ya Bering, ng'ombe wa bahari aliyeelezwa na mtaalamu Steller mwaka 1741. Wawindaji walimla akaisha. Kufikia mwaka 1768, miaka 27 tu, hakubaki hata mmoja. Walarasi alisamehewa kabla ya wa mwisho kufa, ng'ombe wa bahari hakusamehewa.

Mvuvi wetu hamkusudii nguva. Jarife hutegwa kwa ajili ya papa na samaki wakubwa, na nguva, ambaye hana budi kuibuka apumue, hunaswa humo akafa maji. Basi lililo mikononi mwetu si gumu kulifahamu: majarife yasitegwe juu ya malisho yake, na anayenaswa angali hai afunguliwe aende zake, hata ikiwa wavu utakatwa. Wavu hushonwa. Nguva aliyekwisha hatushonei mtu, na wajukuu watakapotuuliza alikuwa mnyama wa namna gani, tungependa tuwapeleke baharini tukawaonyeshe, kwa mbali.