Jumamosi za Kuvuka Ziwa

Tunaandika tukiwa wawili, mume na mke, wa hapa Busisi. Mmoja wetu alikunywa kwa miaka kumi na mmoja. Mwingine alificha kwa miaka hiyo hiyo: alimwambia mchungaji kuwa ni malaria, akawaambia wakwe kuwa ni uchovu wa ziwa, akalipa madeni ya kilabuni kwa pesa ya dagaa kabla watoto hawajaamka. Hata leo hatujui ni nani kati yetu aliyedanganya zaidi.

Anayevua dagaa huishi kwa kufuata mwezi. Siku za giza watu hukesha ziwani na taa. Mbalamwezi ikiiva, dagaa hawafuati taa tena, mitumbwi inapandishwa ufukweni, na wanaume wanabaki na pesa mfukoni bila kazi. Siku hizo ndizo zilizotumaliza. Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku viroba, mke alisimama kanisani akatoa shukrani. Wiki hiyo hiyo mume alihamia kwenye gongo.

Mara nne alikwenda mbele kutubu, na wapendwa wakaimba. Hatusemi kwamba maombi yale yalikuwa bure. Lakini mtu akishashuhudia mbele ya kanisa zima kuwa Bwana amemfungua, halafu Jumanne akanywa, atamwambia nani? Alirudi kwa wale wale wa kilabuni, maana huko hakuna aliyemshangaa.

Mara ya nne aliacha kabisa, siku ile ile. Siku ya pili mikono ikaanza kutetemeka, akatokwa na jasho, akawa anaona watu ukutani. Alfajiri ya siku ya tatu alishikwa na degedege. Tulisema ni mapepo, na majirani walikuja kukemea kwa saa nzima kabla hatujapata gari la kumvusha kwenda hospitali Mwanza. Daktari, mama mcha Mungu, alitueleza kwa upole: mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukikatiwa ghafla, unaweza kufanya hivyo, na wengine hufa. Alimpa dawa ya kutuliza iliyopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1. Wazee wa kanisa, tunawaomba hili kwa namna ya pekee: mtu wa namna hiyo mpelekeni hospitali kwanza, mkamwombee hapo hapo kitandani.

Tulipokuwa tunaondoka, daktari alituandikia namba ya simu ya mtu aliyeacha pombe. Huyo akatuelekeza kwenye kikundi kinachokutana Mwanza kila Jumamosi, kinachofuata hatua 12 za AA.

Jumamosi ya kwanza tulikwama kwenye foleni ya kivuko. Tulipofika, viti vilikuwa vimeshapangwa ukutani na mlango una kufuli. Tulirudi kimya hadi Kigongo. Mke alikuwa ameshaamua moyoni kuwa hiyo ni ishara kwamba Mungu hapendi tuende huko. Ni mume aliyesema tukiwa majini, "Mama, wiki ijayo tutoke asubuhi."

Wiki iliyofuata tulikuta watu saba na chupa ya chai. Kijana mmoja wa bodaboda alitaja jina lake la kwanza, akasema yeye ni mlevi, na kwamba alikunywa Jumanne. Tulingoja akemewe. Mzee aliyekaa kando yake akamshukuru kwa kusema, akammiminia chai. Mke alitoka nje kulia, na mama mmoja akamfuata, naye ni mke wa mlevi.

Tulikuwa na hofu kwamba ni dini nyingine. Si dini: hakuna kiingilio, na kila mtu hubaki na kanisa lake au msikiti wake. Ila mwanzo wake ulipitia mlango wa kanisa. Mwaka 1935, huko Akron, Ohio, dalali mmoja wa hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu alijikuta hotelini, baa iko karibu, anaogopa kuanguka. Alichukua simu akawapigia wachungaji wa mji ule, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Mchungaji mmoja alimpa majina, na kwa njia hiyo akafikishwa kwa daktari wa upasuaji aliyekuwa anazama. Wale wa mwanzo waliipenda sana Barua ya Yakobo. Sura ya 5, pale penye kuungamiana, sisi tulikuwa tumeisoma mara nyingi bila kuwa na mtu wa kumwungamia.

Mwezi wa saba mume alianguka, mbalamwezi tena. Jumamosi alisema. Alimiminiwa chai.

Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, na maji yaliyotutesa tunayavuka kwa dakika chache. Lakini nauli ya kwenda mjini na kurudi kila wiki si ya kila mvuvi. Tuliomba darasa la shule ya Jumapili ili tukutane hapa hapa. Mzee mmoja alisema tutaleta harufu ya pombe kanisani. Tulimjibu, Mzee wetu, harufu hiyo imekuwamo miaka yote, ila ilikuwa imepiga mswaki. Alicheka, akatupa ufunguo.

Tunakutana Alhamisi saa kumi jioni, na wakati wa mbalamwezi kila jioni. Wake na waume wa wanaokunywa wanakaribishwa hata wakija peke yao. Usiyetaka kuonekana, pita mlango wa upande wa ziwani; huwa hatuufungi hadi giza liingie. Alhamisi iliyopita tulikuwa watano. Mmoja alikuja akiwa amekunywa, akasinzia hadi mwisho, na tukamsindikiza nyumbani kwake.