Darasa la Sita na Malori ya Kibondo

Ukipita barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, mwanangu, utaona nyumba zimebanana kandokando yake. Ni kazi ya Operesheni Kigoma ya mwaka 1972: Waha walihamishwa kutoka mashambani mwao wakapangwa kwenye vijiji, vingi vikiwa njiani, na shule zikajengwa humo humo. Kwa miaka mingi hatukuona ubaya, maana magari yalikuwa ya kuhesabu. Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi akauawa, Warundi wakavuka mpaka kwa maelfu, na kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini kambi za wakimbizi za Kanembwa, Mtendeli na Nduta zilikuwa zimefurika. Chakula chao kilikuja kwa malori, nayo yalipita mbele ya madarasa yetu.

Nilikuwa mwalimu kijana hapo. Hadi leo nikisikia harufu ya dizeli iliyochanganyika na vumbi jekundu, namkumbuka mama aliyeuza maandazi ya mawese kwa shilingi 20 pale getini, akiyafunika kwa kanga kila lori likipita. Ukishapita shule kulikuwa na mlima mfupi, malori yakipanda kwa gia nzito, na hapo ndipo wavulana walipodandia. Wengine waliokota mahindi yaliyomwagika, katikati ya matairi. Tuliwakemea paredini, tukawachapa. Trafiki alitoka wilayani akawahutubia, wakampigia makofi, jioni wakadandia tena.

Kilichowaacha hoi ni ngonjera. Msichana mmoja wa darasa la sita, mwembamba, mwenye kovu juu ya nyusi, aliitunga na wenzake. Hawakuhubiri. Walimtaja mvulana anayejisifu mlimani na kurudi kwao bila kiatu, na kila mtoto alijua anasemwa nani. Shule nzima ilicheka; kudandia kukawa aibu. Yule msichana na wenzake wakaanza pia kuwapanga wadogo kwa mstari mmoja upande wa kulia, nyuso zikielekea magari yajayo.

Jambo lililonigusa zaidi walilibaini wao, siku ya gulio. Burundi magari hupita mkono wa kulia, kwetu kushoto, kwa hiyo watoto wa kambini walipotaka kuvuka walitazama kwanza upande usio na hatari. Wanafunzi wangu wakasimama nao kwenye kivuko, wakiwaelekeza kwa Kiha, ambacho Mrundi hukisikia bila mkalimani: kulia, kushoto, kulia tena. Hakuna mtu mzima aliyekuwa ameliona hilo.

Sasa lami imekuja na bodaboda zimejaa. Sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi, lakini dereva akishaona lami imenyooka husahau. Wewe unayekwenda kufundisha huko, usianze na hotuba. Waulize watoto kwanza wapi wanaogopa kuvuka, kisha wape wao kazi ya kuwaambia wenzao.