Bukavu: vumbi la mbao na mashini ya kulivuta

Ndugu msomaji wa Kolwezi, wa Likasi ao wa Kamituga, wewe vumbi unalijua. Unalijua lile la njia kavu mwezi wa saba, na unalijua lile la jiwe linalopasuliwa. Leo twende pamoja Bukavu, tukaone vumbi la namna ingine, vumbi la mbao. Linanukia vizuri, lina rangi nzuri, na watu wengi hawaliogopi hata kidogo. Njo sababu tunaliandikia.

Bukavu imekaa kwenye mwisho wa kusini wa ziwa Kivu, juu kabisa, karibu meta 1500 kupita bahari. Inchi kavu inaingia ndani ya maji sawa vidole vya mkono, na nyumba nzuri za zamani ziko kwenye vidole hivyo. Lakini mji wenyewe, mji wa watu wengi, uko juu ya vilima. Acha ziwa nyuma yako, toka Place de l'Indépendance, panda kwenda Kadutu. Nyumba zinabanana. Nyingi ni za mbao, ukuta wa huyu njo ukuta wa yule. Na katikati ya kelele za soko utasikia msumeno unalia.

Hapo fundi wa mbao, yule tunayemwita menizie, anatengeneza vitanda, milango, makabati, viti vya saluni, na majeneza pia, kwa kuwa kazi hiyo haikose. Mbao ngumu, libuyu na muvula, zinatoka porini mbali. Mikaratusi na grevilea zinatoka kwenye vilima vya karibu. Sasa angalia vile atelye imejengwa. Mbele, kwenye barabara, kuna meza ya kazi na mashini. Nyuma ya pazia kuna chumba cha jamaa. Papa anaranda mbao mbele, mama anapika nyuma, mtoto analala kati yao. Jioni aprenti anafagia, na wingu lote linapita chini ya pazia.

Je, ni vumbi gani linaloumiza? Si yale maranda makubwa unayoyaona chini. Hayo yanaanguka upesi, na wenye kufuga kuku wanakuja na mifuko kuyachukua. Linaloumiza ni lile laini, lisiloonekana, la msasa zaidi ya lote. Linabaki hewani muda mrefu kisha mashini kunyamaza. Fundi anavua kashene akifikiri kazi imekwisha, na kumbe wakati huo njo analivuta.

Kule kwenye migodi mnajua dawa moja: maji. Mashini ya kutoboa jiwe inatiwa maji, vumbi linageuka tope. Wamama wa Kamituga wanaotwanga mawe ya zahabu, wale wanaoitwa twangaises (neno letu la kutwanga lililofungiwa mkia wa Kifaransa), wangepata faida kubwa kwa dawa hiyo, maana vumbi la jiwe linaacha makovu kwenye mapafu, na makovu yale hayaponi. Lakini menizie hawezi kumwagia mbao maji. Itavimba, itapinda, msasa utanata. Kwa hiyo yeye anabaki na njia moja: kulikamata vumbi pale linapozaliwa na kulivuta.

Vumbi la mbao linafanya nini? Kwanza pua na macho vinawasha. Kuna wengine wanaopata asma, na muvula inajulikana sana kwa kuamsha asma na upele wa ngozi. Kisha kuna jambo kubwa zaidi. Huko Uingereza kuna mji unaoitwa High Wycombe, mji wa mafundi wa viti. Miaka ya 1960 waganga waliona kwamba kansa ya ndani ya pua, ambayo ni ya nadra sana, inawapata mafundi wale kupita watu wengine. Mwaka wa 1995 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliandika vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta kansa kwa mtu. Tusiogopeshane bure: hata kwa mafundi kansa hii ni ya wachache, na inakuja kisha miaka mingi ya kazi. Lakini kijana anayeanza na miaka 15 ana miaka mingi mbele yake. Na mtoto wa nyuma ya pazia ameanza mbele ya kijana huyo.

Sasa tuingie kwenye uchaguzi wenyewe. Kijana mwenye atelye ndogo amepata akiba yake ya kwanza. Anataka kununua mashini ya pili, ya kuingiza pesa. Unamwambia anunue mashini ya kuvuta vumbi, anakucheka. Vumbi halileti mteja! Hapo mimi namjibu hivi: angalia vernisi yako. Ile mikwaruzo midogo unayoisikia kwa kidole juu ya meza mpya ni nini? Ni vumbi lililoshuka usiku vernisi ikiwa mbichi. Mteja haulizi mapafu yako, lakini meza anaipapasa.

Kama unafanya paka na randa ya mkono na msasa wa mkono, usinunue kitu. Toa meza nje ao mlangoni, simama upepo ukupige mgongoni ao ubavuni, pangusa kwa kitambaa chenye maji, usifagie kukiwa kukavu, na vaa kashene ya kweli, ile ngumu inayobana pua, iliyoandikwa FFP2. Kile kitambaa cha wakati wa korona kinazuia maranda tu.

Kama una mashini ndogo ya msasa, ile ya kushika mkononi, angalia kama ina matundu chini na mdomo wa kufungia mpira. Hapo asipirateri ya nyumbani inatosha, mradi kichujio chake ni kizuri. Inavuta kwa nguvu kwenye mpira mwembamba, na mashini ya msasa haiombe zaidi.

Lakini msumeno wa mviringo na mashini ya kuranda ni habari ingine. Hizo hazitaki nguvu ya kuvuta peke yake, zinataka hewa nyingi. Bomba la milimeta 100 ni mwanzo, na hewa ndani yake ikimbie karibu meta 20 kwa sekunde, la sivyo maranda yanalala njiani na kuziba. Ukihesabu, ni karibu meta kibe 565 kwa saa. Ukifunga bomba la milimeta 50 mahali pake, upana wa njia unabaki robo tu, si nusu kama watu wanavyodhani. Tafuta bomba la plastiki la maji machafu, lile la 110. Liwe fupi. Kila kona inakula nguvu. Mahali pa kona moja kali weka mbili za polepole.

Mashini inayouzwa zaidi duniani kwa atelye ndogo ni ya mfuko: mota, feni, mfuko wa kitambaa juu, mfuko wa plastiki chini. Mimi siipendi ndani ya chumba cha Kadutu. Kitambaa chake cha bei rahisi kinashika maranda, kisha kinapuliza lile vumbi laini kwa nguvu chumbani. Chini kunakuwa kusafi, na hewa inakuwa mbaya kuliko mbele. Kama utainunua, uliza kwanza kitambaa kinashika vumbi la ukubwa gani.

Sasa nikuambie kitu ambacho umekwisha kukiona bila kukijua. Nenda kwenye mashini ya kusaga mihogo na mahindi. Juu yake kuna koni ya bati. Unga unapulizwa ndani kwa ubavu, unazunguka mbio, uzito unausukuma kwenye ukuta wa bati, unateremka chini kwenye mfuko. Hewa inatokea juu katikati. Ile koni inaitwa sikloni, na viwanda vya mbao vya Ulaya na Amerika vinaitumia kazi ile ile tangu zaidi ya miaka mia moja. Fundi wa bati anayetengeneza koni ya mashini ya unga anaweza kutengeneza ya atelye yako. Hahitaji katalogi ya ng'ambo. Mwambie tu jambo hili: koni ikae mbele ya feni, si nyuma. Hivyo maranda na misumari ya mbao za zamani vinaanguka ndani ya pipa mbele ya kufika kwenye feni. Msumari ukigonga feni unatoa cheche, na cheche ndani ya vumbi la mbao ni moto. Pipa nalo lifungwe kabisa, maana hewa ikiingia kwa chini vumbi halishuke.

Lakini sikloni haikamate lile laini kabisa. Litatoka na hewa. Basi hewa hiyo iende wapi? Hapa watu wa Bukavu wana bahati. Vitabu vya Ulaya vinasema urudishe hewa ndani kupitia kichujio cha bei kali, sababu kule wanalipa kupasha chumba moto wakati wa baridi. Bukavu haina shida hiyo. Toa hewa nje, kwa bomba lililopanda kupita paa. Shida yako ni jirani. Dirisha lake liko hatua mbili, na nguo zake ziko kwenye kamba. Ongea naye mbele ya kutoboa ukuta. Kama hakuna upande wowote usio na dirisha la mtu, basi lazima kichujio kizuri, hata kikingoje akiba ya miezi mingine.

Halafu kuna kura. Ruzizi inatokea hapo hapo mjini, ina barrage mbili, na ya pili, iliyoanza 1989, ni ya Kongo, Rwanda na Burundi pamoja. Hata hivyo kura ya Bukavu inajulikana: inakuja, inashuka, inakwenda. Mota ya feni ya kilowati 1 na mota ya msumeno ya kilowati 2 zinaombwa kutembea pamoja, na kila mota inapoanza inakula mara kadhaa ya chakula chake cha kawaida. Washa feni kwanza, ngoja ishike mbio, kisha msumeno. Kama unatumia jenereta, pima kwa mota zote mbili mbele ya kununua. Wengi wanapima kwa msumeno tu, na kisha sikloni inabaki pambo.

Jambo la moto tulilitaja, tulirudie kidogo. Kadutu na Nyamugo zimeona mistari ya nyumba ikiungua kwa saa chache. Pipa la vumbi lisilale ndani, lisikae karibu na mbabula. Limwage kila jioni.

Na ukimaliza kufunga kila kitu, ujaribu hivi. Fanya kazi hadi giza liingie, zima mashini, zima taa, kisha washa toshi na kuielekeza ubavuni mwako kama taa ya motokari kwenye ukungu. Utaona hewa unayovuta. Ngoja robo saa, washa tena. Kama vumbi lingali linaelea, acha feni itembee na mlango uwe wazi, kung'uta nguo zako nje, na pazia la nyuma lisifunguliwe bado.